Kukuza, Kupanua na Kutanua: Historia ya Istilahi Moja ya Hisabati, kwa Mfano wa Ramani za Nyanungu

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Hisabati ina tendo ambalo kwalo kila nukta ya umbo husogezwa mbali na nukta moja iliyowekwa, au huvutwa karibu nayo, zote kwa uwiano ule ule, hata umbo likawa kubwa zaidi au dogo zaidi bila kupoteza sura yake. Mfasiri anayekutana na tendo hili katika kitabu cha kigeni hujikuta mbele ya maneno matatu ya Kiswahili: kukuza, kupanua na kutanua. Yote yanaelekea kufaa, na kila moja lina watetezi wake. Tumeonelea vema kulifuata jambo hili hadi Nyanungu, katika nchi ya Wakurya mkoani Mara, kwa sababu huko tendo lenyewe lilifika kabla ya shule, nalo lilifika katika sura ya mpaka.

Kwanza tutazame tendo lenyewe. Chukua uso bapa wenye mihimili miwili, wa X na wa Y, na pembetatu yenye ncha (1, 1), (4, 1) na (1, 3). Namba hizo mbili mbili, ambazo baadhi yetu huziita majira ya nukta, zinaonyesha mahali pa kila ncha. (Kwamba neno hilo hilo ni la masika na kipupwe ni kesi nyingine, nayo haitatushughulisha hapa.) Tukizidisha kila namba kwa 2, tukihesabu kutoka kwenye makutano ya mihimili, ncha zinakuwa (2, 2), (8, 2) na (2, 6). Kila upande umekuwa mrefu mara mbili, na pembe zote zimebaki zilivyokuwa. Eneo, hata hivyo, lilikuwa 3 na sasa ni 12, yaani mara nne. Sasa tufanye tendo hilo hilo, lakini tuhesabu kutoka kwenye ncha ya (1, 1). Ncha hiyo haisogei hata kidogo; nyingine zinakwenda (7, 1) na (1, 5). Pembetatu tunayoipata ina ukubwa ule ule wa ile ya kwanza, lakini imekaa mahali pengine. Kwa hiyo mtu akisema tu kwamba umbo limekuzwa mara mbili, ameacha mambo mawili bila kuyasema: limekuzwa kutoka wapi, na je, kilichoongezeka mara mbili ni urefu au ni eneo.

Fikra hii ni ya zamani. Euclid wa Alexandria, miaka 300 hivi kabla ya Kristo, aliandika juu ya maumbo yanayofanana katika kitabu cha sita cha kazi yake kuu. Lakini kwake maumbo hukaa yakilinganishwa, hayasogezwi. Mfaransa Descartes, mwaka 1637, ndiye aliyefungua njia ya kuitaja nukta kwa namba. Mfaransa mwingine, Michel Chasles, mwaka 1827 alilitungia tendo letu jina kwa maneno mawili ya Kigiriki: moja lenye maana ya “sawa”, jingine lenye maana ya “kuweka”. Yafaa wasomaji waliangalie jina hilo kwa makini, kwa kuwa ndani yake hamna ukubwa wala udogo, hamna kukua wala kupanuka. Linasema tu kwamba vitu viwili vimewekwa namna moja. Kisha mwaka 1872 Mjerumani Felix Klein, katika mji wa Erlangen, alifundisha kwamba kila jiometri ni uchunguzi wa mambo yasiyobadilika maumbo yanapogeuzwa kwa matendo fulani. Tangu hapo kukuza kukahesabiwa pamoja na kusogeza, kuzungusha na kuakisi.

Jina la Chasles halikuingia katika vitabu vya shule za Waingereza. Wao walichukua neno lao lenye maana ya kufanya kitu kiwe kikubwa. Wamarekani walichukua neno la asili ya Kilatini ambalo mzizi wake ni upana. Hapo ndipo chanzo cha mgawanyiko wetu: mfasiri aliyetumia kitabu kilichotoka London huandika “kukuza”, na aliyetumia kilichotoka Marekani huandika “kupanua” au “kutanua”. Wote wawili wamefasiri kwa uaminifu, lakini kila mmoja amefasiri neno la mwenyeji wake, si tendo lenyewe.

Tuje sasa kwetu. Ramani si kitu kigeni katika lugha yetu. Neno lenyewe lililetwa na mabaharia, likitokana na kile kitabu cha manahodha wa Bahari ya Hindi kilichoitwa rahmani, ambacho asili yake ni Kiajemi. Lakini kitabu cha nahodha kilieleza njia: nyota gani, upepo gani, kisiwa gani kionekane upande wa kulia. Ramani yenye kipimio, ambayo kila sentimeta yake ni ahadi ya meta kadha wa kadha ardhini, ni jambo la baadaye. Na katika nchi za bara iliingia pamoja na ukoloni.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana Afrika Mashariki. Mpaka wao ulianzia pwani, karibu na mto Umba, ukauzunguka mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha ukanyooka moja kwa moja hadi ukingo wa mashariki wa ziwa Victoria, mahali palipokatwa na latitudo ya 1 Kusini. Mstari huo ulipita katika nchi ya Wakurya na kuikata vipande viwili. Waliouchora hawakuwa wameiona nchi hiyo. Waliuchora juu ya karatasi, na kwenye karatasi ulikuwa mstari safi.

Hisabati ya jambo hili inastahili kuelezwa taratibu. Mstari ulionyooka, ukikuzwa, hubaki umenyooka na hubaki na mwelekeo wake. Ndiyo sifa mojawapo ya tendo hili. Kwa sababu hiyo wanadiplomasia huona ni rahisi kuchora mistari iliyonyooka: huamini kwamba kilichonyooka mezani kitanyooka mbugani. Lakini unene wa mstari nao hukuzwa. Tuseme mtu amechora kwa kalamu mstari wenye unene wa nusu milimeta juu ya ramani ya 1:3,000,000. Ukiupeleka ardhini, unene huo ni kilometa moja na nusu. Ndani ya upana huo kijiji kizima chaweza kukaa, pamoja na zizi lake na kisima chake, bila mtu yeyote kuweza kusema kiko upande gani. Ndiyo maana ilibidi tume ya pamoja ya Waingereza na Wajerumani ipite nchi nzima, kutoka ziwa Victoria hadi Kilimanjaro, kati ya miaka 1904 na 1906, kupima na kusimika alama. Kazi yao, ukiitazama kwa jicho la mwalimu wa hisabati, ilikuwa ni kuukuza mstari wa mezani hadi uwe na ukubwa wa nchi. Walihitaji kizidishi, nacho walikipata kwenye ramani. Na walihitaji kitovu, yaani mahali pa kuhesabia, na hicho iliwapasa wakitafute kwa kutazama nyota.

Nyanungu iko karibu na mstari huo. Kwa upande mmoja iko Kenya, ambako Wakurya wengine wanakaa. Kwa upande mwingine iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo ilianzishwa mwaka 1951 na ambayo mipaka yake ilitangazwa upya kwa Tangazo la Serikali Na. 235 la mwaka 1968. Watu wa huko, kwa hiyo, wanaishi kati ya mistari miwili iliyotoka kwenye karatasi. Neno “kigingi”, ambalo kwa wengi wetu ni kijiti cha kufungia mbuzi, kwao lina uzito wa sheria. Mwaka 2022 na mwaka 2023, vigingi vya mpaka kati ya hifadhi na vijiji vya Tarime vilipozungumzwa mikutanoni, yaliyozungumzwa yalikuwa mashamba na malisho. Lakini lugha ya mazungumzo hayo ilikuwa ya ramani, na lugha ya ramani ni lugha ya kukuza na kupunguza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ramani zetu zilichorwa upya. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni, nayo iliendelea kushirikiana na wapimaji wetu hata baada ya Uhuru. Kazi yake inayojulikana zaidi ni ramani za 1:50,000, ambazo kila karatasi hufunika dakika 15 za latitudo na dakika 15 za longitudo. Kwetu, tulio karibu na Ikweta, hizo ni takriban kilometa 28 kila upande, nazo hukaa kwenye karatasi kwa sentimeta 55 hivi. Ramani hizo zilitandazwa juu ya mfumo wa miraba uliotungwa na jeshi la Marekani katika miaka ya 1940, ambao sasa unatumika karibu dunia nzima.

Ndani ya mfumo huo limo jambo ambalo wafasiri wachache wamelitambua. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa. Ukiilaza dunia juu ya karatasi, kingo zake huvutika. Wachora ramani, ili kuligawa kosa hilo kwa haki, walianza kwa kuipunguza picha nzima. Walizidisha kila urefu kwa 0.9996, yaani waliondoa sentimeta 40 katika kila kilometa, kwenye mstari wa katikati wa kila ukanda. Mstari wa katikati unaotuhusu ni longitudo ya 33 Mashariki, inayopita karibu na Mwanza. Kadiri unavyokwenda mashariki kizidishi hicho hupanda pole pole, na kwa umbali wa kilometa 180 hivi kinafika 1 kamili. Ukiitafuta sehemu hiyo utajikuta wilayani Tarime. Huko, kwa bahati ya hesabu tu, urefu wa kwenye mfumo wa ramani na urefu wa kwenye ardhi karibu ni kitu kimoja; ukipita mashariki zaidi, kuelekea mbuga za Serengeti, kizidishi kinaanza kuzidi 1. Mfasiri aliyeshika neno “kupanua” atakwama hapa, maana 0.9996 haipanui kitu. Aliyeshika “kukuza” naye atakwama, mpaka tuelewane kwanza kukuza ni nini.

Upande wa shule habari ni fupi zaidi. Mwaka 1962 walimu na wanahisabati wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya ile iliyoitwa Hisabati ya Kisasa, ambayo iliyapa matendo ya maumbo nafasi kubwa. Kenya iliiacha rasmi mwaka 1981. Matendo ya maumbo hayakuondoka pamoja nayo. Katika muhtasari wa Tanzania yalibaki, na kukuza kumekuwa kukifundishwa katika kidato cha pili. Kabla ya hapo, mwaka 1967, Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha ya kufundishia darasa la kwanza hadi la saba, na katika mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa katika mji mkuu wa mkoa ule ule tunaouzungumzia, liliagiza kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Watoto wa vijiji vya mpakani wakajifunza kipimio cha ramani kwa Kiswahili. Waliobahatika kwenda sekondari walikutana na kukuza kwa Kiingereza, bila kuambiwa kwamba ni jambo lile lile walilokwisha kulijua. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Tangu siku hiyo suala la istilahi hii si la kuahirisha tena.

Basi tuyapime maneno yetu matatu. Kutanua twaweza kulitoa mapema. Wauguzi wanalo kwa mlango wa kizazi na kwa mboni ya jicho, na walimu wa fizikia wanalo kwa chuma kinachopata joto. Tukiliingiza katika jiometri tutakuwa tumelipa kazi ya tatu, na neno lenye kazi tatu huzifanya zote nusu nusu.

Kupanua kuna kasoro nyingine, na ni kasoro ya maana. Neno hili limetoka kwenye upana. Serikali ikipanua barabara haiirefushi. Nyamwaga na Tarime hazitengani zaidi kwa kuwa barabara imepanuliwa. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya namna hii, kila kimoja na upande wake: kupanua ni kwa upana, kurefusha ni kwa urefu, kunenepesha ni kwa unene. Hisabati nayo ina tendo la kuvuta umbo upande mmoja tu, ambapo mraba hugeuka mstatili na duara hugeuka yai. Kwa tendo hilo kupanua kunafaa sana, na tungependa kulihifadhi kwa ajili yake.

Kunabaki kukuza. Dosari yake ya kwanza ni kwamba ni neno la viumbe hai, na viumbe hai havikui kwa uwiano. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake. Cha mtu mzima ni kama thumuni. Mfugaji yeyote wa Nyanungu ajua kwamba ndama huzaliwa na miguu mirefu kupita kiwiliwili chake, na kwamba ng'ombe si ndama aliyezidishwa kwa tatu. Dosari ya pili ni kwamba katika mazungumzo mtu anayekuza jambo ni mtu anayetia chumvi. Dosari ya tatu ndiyo inayotajwa na wengi: tutasemaje kwamba umbo limekuzwa huku limekuwa dogo?

Hili la tatu, ambalo wengine huliona kuwa gumu kuliko yote, sisi tunaliona jepesi. Neno “kuzidisha” nalo limetokana na kuzidi. Hata hivyo mtoto wa darasa la tano huambiwa azidishe 8 kwa 1/2, hupata 4, wala halalamiki kwamba 8 haijazidi. Hesabu imelifuga neno hilo. Kilicholifuga ni kiungo kidogo, yaani “kwa”: kuzidisha kwa 3, kuzidisha kwa 1/2. Kukuza kwaweza kufugwa kwa kamba hiyo hiyo. Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya hisabati na ya upimaji tuache kusema “kukuza mara mbili”, tuseme “kukuza kwa 2 kutoka” nukta fulani. Ramani ya 1:50,000 ni nchi iliyokuzwa kwa 1/50,000. Jina la tendo liwe “mkuzo”, nukta isiyosogea iwe “kitovu cha mkuzo”, na namba iwe “kizidishi cha mkuzo”. Hatusemi mengi kuhusu dosari mbili za kwanza. Picha imekuwa ikikuzwa studio kwa miaka mingi, na hakuna aliyedhani kwamba kichwa kitabaki nyuma.

Wako watakaouliza faida ya uangalifu huu kwa mtumishi wa serikali ambaye si mwalimu wa hisabati. Tuchukue mfano wa kazi ya kila siku. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imezipa halmashauri za vijiji madaraka juu ya ardhi zao, na kwa hiyo ramani zinafika mikononi mwa watu ambao zamani hawakuzishika. Ofisa anataka kuitundika ukutani ramani ya 1:50,000 ili wanakijiji waione vizuri. Anaipeleka kwenye mashine ya kutoa nakala, anaibadili kutoka karatasi ya A4 kuwa ya A3, na mashine inaandika asilimia 141. Ameikuza kwa 1.41, eneo la picha limekuwa mara mbili. Lakini pembeni ya nakala bado pameandikwa 1:50,000, kwa kuwa mashine hukuza ukubwa wa tarakimu na haibadili maana yake. Kipimio cha kweli cha nakala hiyo ni karibu 1:35,000.

Sasa mjumbe anaweka rula. Kila sentimeta anaihesabu kuwa meta 500, na kwa kweli ni meta 354 hivi. Kila sentimeta ya mraba anaihesabu kuwa hekta 25, na kwa kweli ni hekta 12 na nusu. Kijiji kimetoka mkutanoni kikiamini kina ardhi maradufu, na mtu atakayekuja siku nyingine na ramani ya asili ataonekana mwizi. Hakuna aliyedanganya. Kama pembeni pangeandikwa “nakala hii imekuzwa kwa 1.41 kutoka ramani ya 1:50,000”, mwalimu wa shule ya jirani angeweza kuisahihisha rula kwa dakika moja.

Aidha, hatuna budi kuonya juu ya “kipimio kikubwa”. Kwa wapimaji, ramani ya kipimio kikubwa ni ile inayoonyesha vitu vikubwa, kwa mfano ya 1:5,000, kwa kuwa 1/5,000 ni kubwa kuliko 1/50,000. Msomaji wa kawaida, akiona 50,000, huiona hiyo ndiyo kubwa. Katika tafsiri za sheria na barua za ofisi ni heri kuyaepuka maneno hayo mawili kabisa na kuitaja namba yenyewe.

Pia ile michirizi ya pembeni ya ramani, iliyogawanywa kwa kilometa, iachwe ionekane katika kila nakala. Wengine huikata ili kupunguza karatasi. Michirizi hiyo hukuzwa pamoja na ramani, kwa kizidishi kile kile, na kwa hiyo hubaki kweli hata tarakimu zinapopotoka. Mstari wa mpaka nao hukuzwa. Kama ulikuwa na unene wa nusu milimeta kwenye ramani ya 1:50,000, ulikuwa unafunika meta 25 za ardhi. Kwenye nakala ya ukutani una unene wa milimeta 0.7, na bado unafunika meta 25 zile zile. Mwenye shamba ndani ya meta hizo hatasaidiwa na nakala yoyote, hata ikikuzwa ijae ukuta mzima wa ofisi ya kata. Itabidi mpimaji aje na vyombo vyake, asimame penye kigingi, na aseme anahesabu kutoka wapi.